Marehemu Aliyeitika Jina

Mtu akifa Nangurukuru, habari hufika Masoko kabla ya basi. Njia panda ile haifichi kitu. Kwa hiyo Damiani Likwata alipofariki, katika masika yale yaliyokata barabara ya Rufiji mpaka sabuni ikawa ya kuombana, hapakuwa na mtu wa upande wa Kilwa aliyekuwa na shaka na kifo chake. Padri alishuka kutoka Kipatimu kuja kumwombea. Kaburi likachimbwa, likafukiwa, likawekwa msalaba wa mninga ambao mafundi wenzake waliuranda kwa zamu, kila mmoja akitaka mkono wake nao uguse. Wali wa msiba ukaliwa. Basi, alikufa kama watu wanavyokufa, tena kwa heshima.

Isipokuwa kulikuwa na ofisi moja, mbali huko Dar es Salaam, iliyosema hapana.

Ofisi hiyo ilikuwa ya mfuko uliotunza pensheni za wafanyakazi wa shirika lililomwajiri Damiani. Barua yao ilimfikia mjane wake, Yustina, kwa mkono wa kondakta, imekunjwa mara nne na ina harufu ya samaki wa kukaanga. Ilisema ombi lake la mafao ya mjane limekataliwa, kwa sababu marehemu si marehemu. Ofisa wa mfuko alifika nyumbani, akamwona mstaafu kwa macho yake, akazungumza naye, wiki kadhaa baada ya tarehe iliyoandikwa kwenye cheti cha kifo. Kwa hiyo cheti chenyewe kinatiliwa shaka. Kama mwombaji haridhiki, akate rufaa. Kamati ya rufaa itakaa Lindi mwezi wa kumi na moja.

Yustina aliisoma akiwa amesimama mbele ya sufuria ya maharage. Akaisoma tena. Kisha akamwambia dereva wa lori aliyekuwa anasubiri sahani yake, "Baba, unasikia? Mume wangu kaonekana."

"Kaonekana wapi, mama?"

"Hapa hapa."

Dereva, ambaye mwenyewe alikuwa amehudhuria mazishi, aligeuka taratibu akatazama nyuma yake.

Yustina huyu alizaliwa kwenye vilima vya Umatumbi, si mbali na misheni ya Kipatimu, na masista walimfundisha mambo matatu: kusoma, kushona, na kutosema uongo. Kushona alikusahau. Akaolewa na Damiani, mnoa misumeno wa kiwanda cha mbao cha shirika, mtu mpole aliyekuwa na sikio moja bovu kwa ajili ya kelele za mashine, akamfuata mpaka Nangurukuru. Walizaa, wakazika wawili, wakakuza watatu. Ilipokuja enzi ya ruksa, shirika likauzwa, mashine zikapakiwa kwenye malori zikaenda tusikokujua, na mafundi wakapewa mkono wa kwaheri. Damiani akabaki na pensheni yake ndogo na kiti chake cha kukunja. Yustina akafungua kibanda cha chakula stendi.

Pale stendi alijulikana kwa jambo moja. Ukimwuliza, "Mama Lusia, supu ya leo hiyo?" na ikiwa si ya leo, atakujibu, "Ya jana hii, nimeipasha." Wenzake walimcheka, wakimwambia biashara haiendeshwi hivyo. Lakini madereva walikuwa wanapita vibanda vyote wanakwenda kwake, maana siku akisema supu ni ya leo, basi ni ya leo.

Ndiyo maana barua ile ilimwuma. Ilikuwa imemwita mwongo, tena mwongo wa kumzushia mumewe kifo. Na palikuwa na jambo jingine lililomnyima usingizi. Lusia, kitindamimba wake, alikuwa anasomea uuguzi Mtwara. Zamani masomo yale yalikuwa bure; sasa wanafunzi walitakiwa kuchangia gharama, na Lusia alikuwa amekwisha kurudishwa nyumbani kwa shangazi yake pale pale Mtwara. Mkuu wa chuo alikuwa mwanamke mwenye huruma. Alisema, "Mlete karatasi yoyote inayoonyesha kwamba mafao ya baba yanakuja, nami nitampokea." Karatasi waliyokuwa nayo ilionyesha kwamba baba mwenyewe ndiye anayekuja.

Sasa, Yustina hakuhitaji kuagua ili ajue ofisa yule alimwona nani. Alimjua. Alikuwa Hasani Mtopa wa Kiranjeranje.

Koo za Mtopa na Likwata ni watani tangu mababu. Na kwa watu wa huku, mtani msibani si mgeni. Ndiye anayelala kaburini kupima kama shimo linatosha, ndiye anayekaa mbele ya jeneza akadai alipwe ndipo apishe, na siku ya kuanua matanga ndiye anayevaa nguo za marehemu, akakaa penye kiti chake, akaongea kwa sauti yake, mpaka wafiwa wacheke. Wakishacheka wanamtupia chochote, anavua nguo, na hapo ndipo marehemu anapoondoka kweli.

Hasani hakuwa na mpinzani katika kazi hiyo. Siku ile ya matanga alitoka chumbani na koti la kaki la Damiani na kofia yake ya pama, kainama kidogo, anakohoa kile kikohozi cha vumbi la mbao. Akajitupa kwenye kiti cha kukunja. Akatega sikio zima, lile la kulia. Akapitisha kidole gumba kwenye ukingo wa sinia kama anayepima meno ya msumeno. Kisha akaita, "Mke wangu Yusti! Mtu katoka safari ya mbali, hata chai?"

Watu waliangua kicheko wakalia, wakalia wakacheka.

Katikati ya hayo ikasimama Landrova. Akashuka kijana mwenye tai, vumbi mpaka kwenye kope. "Hodi wenyewe! Hapa ni kwa mzee Damiani Likwata?"

"Ndipo," wakajibu.

"Mwenyewe yupo?"

Wote wakamtazama Hasani. Na mtani aliyekwisha kuvaa koti hawezi kulivua kwa sababu tu kaingia mgeni. Ingekuwa kama padri kuacha misa katikati kwa kuwa simu inalia.

"Ndiyo mimi," Hasani akasema, na kikohozi juu. "Karibu, mwanangu. Umeniletea hela zangu?"

"Hapana, mzee. Natoka kwenye mfuko wa pensheni. Nimekuja kuhakiki kama uko hai."

Uwanja mzima uliporomoka kwa kicheko. Kuna mama mmoja alidondoka kwenye mkeka akawa anaupiga kwa mkono.

"Nitazame vizuri," Hasani akamwambia. "Unanionaje?"

"Nakuona mzima, mzee."

"Basi andika hivyo hivyo."

Akaandika. Alikuwa na haraka, ana wastaafu wengine wa kuwaona kabla jua halijazama. Hata pilau hakula. Yustina wakati huo alikuwa uani, kwenye majiko, anasikia kicheko tu. Alipotoka gari lilikuwa limekwisha kuondoka. Na katika watu wale wote, kila mmoja alidhani mwenzake kamnong'oneza mgeni ukweli.

Msaada wa kwanza alioutafuta ulikuwa wa karibu. Barazani kwa duka la nguo za mitumba palikuwa na bwana anaitwa Jerome, aliyewahi kuwa tarishi wa mahakama, na sasa ana mashine ya kupiga chapa na kibao kilichoandikwa MSHAURI WA SHERIA NA MAMBO MENGINE. Jerome aliisoma ile barua akitikisa kichwa kwa raha, kama mtu aliyeletewa kitoweo akipendacho.

"Shemeji," akasema, "hii ni nyepesi. Tarehe ndiyo inayokuponza. Cheti kinasema kafa mwezi wa tano, ofisa kamwona mwezi wa sita. Tunachofanya ni kumwua tena mwezi wa saba."

"Kumwua nani?"

"Damiani. Kwenye karatasi tu. Tunaandika kwamba cheti cha kwanza kilikosewa. Ofisa kamwona hai, sawa, hatubishani naye. Halafu mwezi wa saba ndio akafa. Kila mtu anaridhika."

"Jerome, wewe ulibeba jeneza."

"Nililibeba, tena zito."

"Mwezi gani?"

"Wa tano. Lakini bega langu haliwezi kutoa ushahidi, shemeji."

Nisiseme kwamba Yustina hakushawishika. Alimfikiria Lusia kwa shangazi, anafua nguo za watu. Alifikiria jinsi lilivyo jambo dogo, mwezi mmoja juu, mwezi mmoja chini, na Damiani mwenyewe asingejali. Kisha akasimama akajipangusa khanga.

"Mume wangu nilimzika mara moja, na machozi niliyokuwa nayo niliyamaliza. Ya kumzikia mara ya pili sina."

"Basi utabaki na ukweli wako na barua yako," Jerome akasema, bila ubaya. "Na maharage."

Aliyemwonyesha njia alikuwa Sista Skolastika, wa zahanati ya misheni, aliyekuwa akishuka Nangurukuru kupokea madawa na hakosi kupita kunywa chai. Sista alisikiliza habari yote, akacheka mpaka akashika msalaba wake, kisha akajirudi.

"Mama Lusia, Lindi wamefungua kituo kidogo cha msaada wa sheria. Nyuma ya duka la baiskeli, karibu na soko. Wajane hawalipi. Nenda kabla ya mwezi wa kumi na moja, na usikubali kuandika chochote na yule bwana wa baraza."

"Amekwisha kutaka kumwua Damiani tena."

"Ndiyo hivyo. Nenda upesi kabla hajamfufua."

Lindi wakati ule mawakili walikuwa wachache, na wale waliokuwepo mlango wao ulikuwa na karani anayekutazama miguu kwanza. Kituo hiki hakikuwa na karani. Palikuwa na chumba kimoja, benchi moja, na msichana mrefu aliyekuwa anapigana na dirisha lisilotaka kufunguka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wakili nimemkuta?"

"Ndiyo mimi. Naitwa Dativa."

Yustina akamtazama kuanzia viatu hadi nywele. "Uliyeniamkia ndiye niliyekuja kumpigia magoti?"

"Ndiye. Lakini ukipiga magoti utachafuka, sakafu sijafagia. Kaa, mama."

Dativa alikuwa mtu wa Bukoba, mgeni wa pwani, na alikuwa na mtindo wa kumwacha mtu aseme mpaka aishiwe. Hakukatiza. Yustina alimweleza tangu masika, padri, koti, Landrova, mpaka Jerome. Alipomaliza, wakili akauliza pole pole kama anayevuka mto kwa mawe.

"Mama, huyo mzee alivaa nguo za marehemu?"

"Ndiyo."

"Mbele ya watoto wa marehemu?"

"Walikuwa mbele kabisa."

"Akaomba chai."

"Kwa sauti ya baba yao."

"Na mkacheka. Msibani."

"Mwanangu, sasa ucheke lini? Ukiwa na raha kicheko cha nini?"

Dativa aliangalia dirishani. Mabega yakaanza kumtikisika. "Nisamehe, mama," akasema, "kwetu mtu akifanya hivyo atatoka msibani kwa mbio." Wakacheka wote wawili, mpaka mwenye duka la baiskeli akaja kuuliza kuna nini.

Baadaye wakili alijifuta macho, akawa wakili. "Sikiliza. Wewe ulikuja ukidhani tutathibitisha kwamba ofisa ni mwongo."

"Si mwongo. Alimwona mtu."

"Hapo ndipo penyewe. Tukimwita mwongo, kamati itamtetea kijana wao. Sisi tutasema ofisa alisema kweli tupu. Alimwona mtu akiwa mzima, na mtu huyo bado mzima, huyu hapa. Kwa hiyo rufaa yako nitaiandika mimi, lakini atakayeishinda ni Hasani. Namtaka Lindi, kwa miguu yake."

Hilo lilionekana jepesi. Yustina alipanda gari mpaka Kiranjeranje. Ulikuwa msimu wa korosho, na Hasani alikuwa shambani, ameinama chini ya mikorosho anaokota. Alipoona khanga ya Yustina inakuja alijibanza nyuma ya mti, mti mwembamba kuliko yeye.

"Hasani!"

"Hayupo," mti ukajibu. "Kafa."

"Wewe kufa umezoea. Toka hapo, bundi wewe, nakuona tumbo."

Akatoka. Lakini uso haukuwa ule. Aliweka kapu chini, akavua kofia, akasema kwa sauti ambayo Yustina hakuwahi kuisikia kwake, tangu awe bibi harusi: "Shemeji, watanifunga."

Yustina aliogopa. Mtani akikuita shemeji kwa adabu, kuna jambo.

"Jerome alipita hapa," Hasani akaendelea. "Kaniambia kujifanya mtu mwingine mbele ya mtumishi wa umma ni jela. Mimi nina wajukuu. Niende Lindi nikasimame, niseme, ndiyo, mimi ndiye niliyejifanya? Nijipeleke mwenyewe?"

Yustina alikaa juu ya kapu la korosho, kitu ambacho hakiruhusiwi. Hakumbembeleza, wala hakumtisha.

"Usipokwenda, mwongo ni mimi," alisema. "Wameniandika. Na Lusia atarudi Nangurukuru aje tupike wote maharage."

Korosho moja ikaanguka.

"Maharage yako yale?" Hasani akasema hatimaye.

"Yale yale."

"Basi itabidi niende. Binti wa watu hana kosa la kuadhibiwa hivyo." Akavaa kofia yake. "Na uniondokee kwenye korosho zangu, mke wangu. Nyinyi watu wa vilimani mkikaa juu ya kitu hakifai tena kuuzwa."

Yustina akashukuru Mungu, kimya kimya, kwa kutukanwa.

Siku ya kamati ilifika. Walikaa kwenye ukumbi wa kukodi, meza tatu zimeunganishwa na kitambaa cha kijani. Mwenyekiti aliitwa Bwana Nurdin, mzee mkavu mwenye miwani, anayesikiliza huku amefumba macho. Pembeni alikaa yule ofisa kijana, Cletus, safari hii bila vumbi. Dativa alisimama akaeleza maneno yake, na akamwita Hasani.

Na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Hasani alikuwa amejiandaa kwa ajili ya serikali. Kanzu imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe. Ndevu zimechongwa. Alisimama wima kama mlingoti, mikono imeshikana, anajibu "ndiyo mheshimiwa" kwa sauti nyembamba ya mtu anayeogopa kufungwa.

"Ndugu Cletus," mwenyekiti akauliza, "huyu ndiye uliyemwona Nangurukuru?"

Cletus alimtazama kwa muda mrefu. Alikuwa kijana mwaminifu, na uaminifu wake siku ile ulikuwa balaa.

"Hapana, mheshimiwa. Niliyemwona ni mzee mwingine. Alikuwa amepinda, mgonjwa wa kifua, hasikii vizuri. Huyu simjui."

Yustina alihisi benchi linazama. Mwenyekiti akafungua jalada, akatoa picha ya Damiani ya siku alipoajiriwa: kijana wa zamani, mweusi juu ya weusi, angeweza kuwa mtu yeyote wa pwani nzima. Haikusaidia kitu.

"Bibi wakili," mwenyekiti akasema, "shahidi wenu hatambuliki. Una jambo jingine?"

Dativa aliinama kwa Yustina. "Mama, lile koti umekuja nalo?"

"Limo kapuni."

Lakini Hasani aliposikia neno koti, alitikisa kichwa kwa nguvu, woga wote umemtoka. "Hapana, binti yangu. Hilo halivaliwi tena. Matanga yameanuliwa, koti limegombolewa, mwenyewe kaondoka. Nikilivaa leo nauita msiba mwingine. Hata mnifunge, sivai."

"Basi bila koti," Yustina akasema, kwa sauti iliyomshangaza hata mwenyewe. "Hasani, ulikuwa unalihitaji koti wewe? Au zile sifa zote zilikuwa za koti, na wewe ni kitundikio tu?"

Mtani kaguswa pale panapomwuma. Hasani alimtazama Yustina, akatazama meza ya kijani, akatazama dari. Kisha akavuta kiti cha karani bila kuomba ruhusa, akajitupa.

Kuanzia hapo hakuwa Hasani. Mgongo ulikunjika. Kifua kikakohoa vumbi la mbao la miaka yote ya kiwanda. Shingo ikageuka kutega sikio la kulia, na kidole gumba kikapita taratibu kwenye ukingo wa meza ya kamati, kinapima jino, kinapima jino, na kichwa kinatikisika kwamba halijakaa sawa.

"Mke wangu Yusti!" akaita. "Watu wazima wamekaa mezani tangu asubuhi, hata chai?"

Yustina alicheka. Kicheko kilimtoka kama sufuria iliyochemka ikasukuma mfuniko, na machozi yakaja palepale, maana Damiani alikuwa pale, mzima, kwa muda wa kikombe kimoja cha chai. Akafungua fundo la khanga, akarusha sarafu miguuni kwa Hasani, kama inavyotakiwa. "Ondoka, mwizi wewe! Ondoka utuachie nyumba yetu!"

"Ndiye!" Cletus alikuwa amesimama, kidole kimenyooka. "Mheshimiwa, ndiye! Ndiye huyu huyu!"

Mwenyekiti alifumbua macho. "Una hakika?"

"Naapa. Hata kikohozi ni kile."

"Siku ile ulimwomba kitambulisho?"

Cletus akatazama tai yake. "Aliniambia nimtazame vizuri, mheshimiwa."

Mjumbe mmoja wa kamati akaweka kalamu chini akaziba mdomo. Bwana Nurdin hakucheka. Alimgeukia Hasani, aliyekuwa ameokota sarafu yake na kunyooka tena.

"Mzee Mtopa. Kwa nini ulimdanganya mtumishi wa mfuko?"

Hili ndilo swali Hasani aliloliogopa. Yustina alifumba macho.

"Sikumdanganya, mheshimiwa," Hasani akasema, na sauti ilikuwa yake mwenyewe, ya kawaida. "Siku ile, pale kwenye mkeka, nilikuwa Damiani. Wafiwa wote walijua. Ningesema mimi ni Hasani, ndipo ningewadanganya wao, na mwenzangu angekwama mlangoni hajui aende au abaki. Kosa langu ni moja. Kijana aliondoka mbio, nami sikumkimbilia. Nilikuwa na njaa, mheshimiwa. Pilau lilikuwa limepakuliwa."

Bwana Nurdin alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyokuwa chafu. Wajumbe walikwenda chumba cha pili. Waliporudi, mwenyekiti alisoma kwamba kamati imeridhika Damiani Likwata alifariki tarehe ileile ya kwenye cheti. Kwamba mjane alisema kweli tangu mwanzo. Na kwamba mafao yake yalipwe. Uamuzi ungeandikwa na kupigwa muhuri hapo hapo. Shahidi alitakiwa tu kutia saini maelezo mafupi, kwamba yeye, Hasani Mtopa, siye Damiani Likwata.

Hasani alisogezewa karatasi. Akaisoma. Akaweka mikono nyuma.

"Siweki."

"Hasani!" Yustina akanong'ona.

"Mheshimiwa, mama huyu kanilipa, kwa sehemu ya familia. Lakini nyinyi nanyi mmemkalia Damiani tangu mwezi wa sita, mnasema mzima, mnasema yu hai. Nanyi ni wafiwa. Mtani hajitoi bure."

Dativa aliinamisha kichwa kwenye makaratasi yake. Cletus akajipapasa mifuko. Lakini Bwana Nurdin alimzuia kwa mkono, akaingiza vidole kwenye mfuko wa koti lake, akatoa sarafu, akaiweka juu ya kitambaa cha kijani na kuisukuma mbele. "Babu yangu alikuwa na watani," alisema kwa karani. "Usiliandike hilo."

Hasani akatia saini.

Nje jua lilikuwa kali na Dativa alikuwa na mteja mwingine anayesubiri benchini, lakini aliwasindikiza mpaka kona, na nakala ya uamuzi ikiwa ndani ya bahasha safi. Hasani akamwuliza kama kwao Bukoba kuna mtu wa kumwigiza siku yake ikifika, maana yeye yuko tayari kusafiri, ila lile joho jeusi la mawakili litambana kifuani. Wakili akamjibu kwamba ataagiza kubwa.

Yustina aliwaacha wanabishana, akavuka barabara kwenda posta. Bahasha angeituma Mtwara kwa basi la kesho, lakini kesho ilikuwa mbali. Akaomba karatasi ya simu ya maandishi. Maneno yalilipiwa moja moja, kwa hiyo alifikiri kwanza, akaandika, akampa karani dirishani.

Karani akasoma: BABA AMEKUBALIWA KUFA RUDI DARASANI.

Akainua macho, akamwona mama mtu mzima, khanga imelowa machozi, amejaa tabasamu uso mzima. "Pole sana, mama," akasema, kwa kuwa hakujua la kusema jingine.

"Asante, mwanangu. Nafasi ipo? Ongeza hapo mwisho HONGERA."